Mwenda Jean Bosco: gitaa ya Jadotville iliyofika mbali

Ku Likasi, mutu akinunua ampli mupya, jirani zake hawangoji kuambiwa. Siku hiyohiyo wanaisikia. Ampli ya zamani inauzishwa ao inapewa mudogo, bafle mbili kubwa zinawekwa pembeni ya saloni, na umeme wa SNEL ukirudi mangaribi, kartie nzima inajua kama kuko kitu kipya mu ile nyumba. Ku Kikula ni vile, ku Panda ni vile, ku Shituru pia. Mwenye wati 100 anatafuta 300. Mwenye 300 anatafuta 1000.

Lakini mu huu muji wetu kulitoka mutu mumoja ambaye sauti yake ilifika Johannesburg, Nairobi, Marekani na Ulaya, na gitaa yake haikukuwa na waya hata mumoja wa umeme. Alikuwa na gitaa ya mbao, kidole gumba na kidole cha pili, basi. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco, ambaye kisha aliitwa Mwenda wa Bayeke. Ukifuata maisha yake, unaona pia namna ampli iliingia mu muziki wa inchi yetu, kile ilileta na kile iliondoa. Vyombo vya kukuza sauti njo vilimupeleka mbali. Na vyombo hivyohivyo, wakati viliingia mu baa na mu orkestra, vilifunika gitaa ya namna yake.

Mutoto wa Bunkeya

Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930 ku Bunkeya, muji mukubwa wa Bayeke, kaskazini ya Likasi. Mutu wa Katanga akisikia jina Bunkeya, anawaza mara moja juu ya Mwami Msiri. Bayeke walitoka upande wa Unyamwezi, mu inchi ambayo leo ni Tanzania, wakafuata biashara ya shaba na pembe za tembo, na mu karne ya 19 Msiri alijenga hapo ufalme wenye nguvu. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na mwanajeshi wa msafara wa Stairs, uliokuja kwa faida ya Leopold wa 2, mufalme wa Ubelgiji. Hata vile, ukoo wake uliendelea, na jina Mwenda lilibakia jina la heshima ya Bayeke mpaka leo.

Kwa hiyo mutoto aliyezaliwa 1930 alibeba majina mawili yenye historia. Mwenda lilitoka ku Bunkeya. Jean Bosco lilitoka ku kanisa: ni jina la padri mutakatifu wa Italia aliyeanzisha shirika la Wasalesiani, na Wasalesiani walikuwa tayari Katanga tangu mwaka wa 1911. Watu wengi wa miaka ile walikuwa na majina ya namna hiyo, moja la babu na moja la ubatizo, na waliishi na yote mawili bila shida.

Jadotville ya shaba

Ile wakati, Likasi ilikuwa inaitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, Mubelgiji aliyekuwa mukubwa ku Union Minière. Hii kampuni, Union Minière du Haut-Katanga, ilianzishwa mwaka wa 1906, na muji ulikomaa kwa nguvu ya shaba na kobalti. Kiwanda cha Shituru kilikuwa kinameza watu kila asubuhi na kuwarudisha mangaribi. Wafanyakazi walitoka Kasai, Lomami, Rwanda, Burundi, na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mu kambi za wafanyakazi, Muluba alikuwa anaishi karibu na Mubemba, na Musanga karibu na Munyarwanda. Luga iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Watu wakikutana vile, muziki unakutana pia. Reli ilikuwa inaunganisha Katanga na Rhodesia mpaka Afrika ya Kusini, na ku ile reli kulipita mambo mengi: nguo, baiskeli, fono, na gitaa za bei nafuu. Mu fono kulikuwa kunalia disiki za Cuba, zile zilizoandikwa herufi G.V., zilizoanza kuuzwa Afrika mu miaka ya 1930. Ku sinema kulikuwa filimu za makauboi wenye gitaa. Na mu kambi zenyewe kulikuwa ngoma na likembe za kila kabila. Vijana walichanganya vyote. Mutu alikuwa anatoka kazini, ananawa, anavaa shati safi, na kutembea na gitaa yake kutoka kiwanja kimoja mpaka kingine.

Mwenda alikomaa mu ile hali. Kupiga kwake kulikuwa kwa vidole viwili tu vya mukono wa kuume. Gumba lilishika nyuzi nene na kutoa besi, kidole cha pili kilicheza nyuzi nyembamba na kutoa wimbo wenyewe. Mutu asiyemuona alikuwa anaweza kufikiri kama kuko watu wawili. Juu ya hiyo aliimba, zaidi mu Kiswahili cha kwetu. Mutu mumoja alikuwa anafanya kazi ya besi, ya solo na ya mwimbaji.

Gitaa ya namna hiyo haina nguvu nyingi. Inasikika muzuri mu nyumba, ku baraza, chini ya muti, kwa watu kumi ao makumi mawili waliokaa karibu. Watu wakianza kupiga kelele, inapotea. Kwa hiyo mupigaji alikuwa anatafuta kunyamazisha watu kwa uzuri wa kupiga kwake. Hakukuwa kifungo cha kugeuza.

Mikro ya Hugh Tracey

Mwaka wa 1952, Muingereza Hugh Tracey alipita Katanga. Alikuwa anaishi Afrika ya kusini, na kazi yake ilikuwa kuzunguka mu inchi nyingi kurekodi muziki wa Waafrika. Ku Jadotville alikutana na Mwenda, kijana wa miaka karibu 22.

Ni muzuri kufikiri namna kurekodi kulikuwa kunafanyika. Hakukuwa studio. Tracey alikuwa anasafiri na motokari yenye vyombo, na jenereta ya kutoa umeme. Kwa sababu jenereta inapiga kelele, iliwekwa mbali, na waya murefu uliletwa mpaka ku chombo cha kurekodia. Mikro alikuwa anapenda kuishika yeye mwenyewe, akiisogeza karibu na kinywa ao karibu na chombo cha muziki, kufuatana na kile alitaka kisikike. Mikro inachukua sauti na kuigeuza kuwa umeme mudogo sana. Ampli iliyo mu chombo inakuza ule umeme mpaka uweze kuandikwa. Kwa hiyo ampli ya kwanza mu maisha ya Mwenda haikumusaidia kupiga kelele. Ilimusaidia kuhifadhiwa.

Mu zile nyimbo kulikuwa Masanga, ile ilimufanya ajulikane zaidi kuliko zote. Gallo, kampuni ya Johannesburg, iliitoa ku disiki zake za Gallotone. Masanga ilipata zawadi ya Osborn, iliyopewa muziki bora wa Afrika wa mwaka ule wa 1952. Kijana aliyekuwa anapiga mu njia za Jadotville alianza kujulikana mu inchi ambazo hajawahi kuziona.

Wataalamu pia walianza kumufuata. Mu mwanzo wa miaka ya 1960, David Rycroft, mwalimu wa London, aliandika nota moja kwa moja za namna Mwenda alipiga, na kuonyesha kama hakurudilia kitu kilekile. Kila mara alibadilisha kidogo. Mpaka leo, wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanaketi na Masanga siku nyingi wakitafuta namna vidole viwili vinaweza kufanya ile kazi yote.

Fono isiyo na umeme

Watu waliinunua Masanga ku disiki ya mizunguko 78 kwa dakika. Kila upande ulikuwa na nafasi ya dakika karibu tatu, kisha unageuza. Na nyumba nyingi za Waafrika hazikukuwa na umeme. Fono ilikuwa inazungushwa kwa mukono, na ndani yake kulikuwa springi inayolegea polepole. Sindano ilitetemeka mu mifereji ya disiki, ikatetemesha kingozi kidogo cha chuma, na pembe ao sanduku la fono likakuza sauti. Hakuna wati. Hakuna ampli. Nguvu yote ilitoka mu mukono wa mutu.

Ile sauti ilijaza chumba kimoja na baraza. Aliyetaka kusikia alisogea. Jirani alileta kiti chake. Nyumba yenye fono ilikuwa inajulikana kwa watu waliokuja kuketi hapo.

Hatua ya pili ilikuwa redio. Mwaka wa 1949, ngambo ya mupaka wetu, ku Lusaka, Harry Franklin wa serikali ya Rhodesia ya Kaskazini alifaulu kupata redio ndogo ya batri kwa ajili ya Waafrika. Kampuni ya batri Ever Ready ndiyo iliitengeneza. Ganda lake la kwanza lilitengenezwa kwa kufuata sufuria, kwa hiyo watu waliipa jina la sufuria. Ilikuwa na taa nne za ndani, bei yake ilikuwa pauni 5 za Uingereza, na batri yake kubwa ilidumu saa karibu 300. Redio ya namna hiyo ilikuwa na ampli ndogo sana, chini ya wati moja. Lakini kijiji kizima kilikuwa kinakusanyika mbele yake. Redio za namna hiyo zilifungulia wapiga gitaa wa Copperbelt na Katanga njia ambayo mutembezi kwa miguu hawezi kuipata.

Miezi ya Nairobi

Mwaka wa 1959, Mwenda alisafiri mpaka Nairobi na kukaa huko miezi karibu sita. Aliyemuita ni Peter Colmore, Muingereza mufanyabiashara wa muziki na matangazo. Kampuni yake iliitwa High Fidelity Productions. Maana ya yale maneno mawili ya kwanza ni uaminifu mukubwa: chombo kitoe sauti vile ilitoka kwa mupigaji, bila kuongeza na bila kupunguza. Ndiyo asili ya neno haifai, ambalo leo linaandikwa ku ampli nyingi, hata zile ambazo hazina uaminifu wowote.

Ku Nairobi, Mwenda alipata programu yake ku redio, na alitia gitaa yake mu matangazo ya dawa ya kichwa, Aspro. Mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, alifanya kazi na Colmore pia, na yeye alikaa huko wakati murefu zaidi, akiimba matangazo ya Coca-Cola. Kwa mutu wa leo, wimbo wa dawa unaweza kuonekana kitu kidogo. Lakini tangazo linarudiliwa kila siku. Watu wa Kenya walisikia kupiga kwa Katanga asubuhi na mangaribi, mu nyumba, mu duka, mu hoteli ya chai.

Matunda yake yalionekana haraka. Wapiga gitaa wa Kenya, zaidi wale wa magaribi, walishika kupiga kwa gumba na kidole cha pili, kila mumoja kwa namna yake. Wakenya wanaiita gitaa kavu, ni kusema gitaa isiyo na umeme. Kuko wazee wa huko ambao hawajawahi kufika Congo, lakini ukiwaomba wapige gitaa, kidole chao kinakwenda ku njia ambayo Mwenda alifungua.

Kisha ile miezi, alirudi Katanga.

Ampli inaingia mu baa

Wakati Mwenda alikuwa anajulikana kwa gitaa ya mbao, upande mwingine wa inchi mambo yalikuwa yanageuka. Ku Léopoldville, mwaka wa 1953, Mubelgiji Bill Alexandre alileta gitaa ya umeme mu studio ya CEFA. Mwaka uleule Joseph Kabasele alianzisha African Jazz. Mwaka wa 1956 OK Jazz ilizaliwa, na Franco alikuwa ndani yake.

Gitaa ya umeme inafanya kazi tofauti. Chini ya nyuzi kuko sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Uzi wa chuma ukitetemeka, unatoa umeme mudogo, ampli inaukuza, bafle inaugeuza kuwa sauti. Sanduku la mbao halina kazi kubwa tena. Na sauti inaweza kupanda mpaka ipite kelele za watu mia mbili wanaokunywa na kucheza.

Hapo njo kulitokea jambo kubwa. Orkestra ilikuwa na mutu wa solo, mutu wa akompanyema na mutu wa besi, kila mumoja na ampli yake ao tundu lake ku ampli. Kazi ya vidole viwili vya Mwenda iligawanywa kwa watu watatu. Kuliongezwa ngoma, saksofoni, na waimbaji wawili ao watatu mbele ya mikro. Mwenye baa akiwa na feza, anachagua nini? Anachagua orkestra, kwa sababu watu wanacheza na wanakunywa zaidi. Mutu mumoja mwenye gitaa ya mbao hakufukuzwa na mutu. Alifunikwa.

Mu miaka hiyo inchi yenyewe haikutulia. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Katanga ilijitenga. Mu Septemba 1961, Jadotville ilijulikana mu dunia nzima kwa sababu ya vita, wakati askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizungukwa hapa kwa siku kadhaa mpaka wakakamatwa. Mwanzo wa Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mu muji na kujitenga kukaisha. Mwaka wa 1966 jina Jadotville liliondolewa, muji ukaitwa Likasi. Mwaka uliofuata mali ya Union Minière ilikamatwa na serikali, na kisha kampuni ikawa Gécamines.

Mutu aliyekuwa amezoea gitaa ya baraza alikuwa na njia mbili: aache, ao aendelee akijua kama hatapata tena ile nafasi ya mbele. Mwenda aliendelea. Hakutegemea gitaa peke yake kwa kula. Alikuwa mutu wa kazi na mushahara, na hiyo ilimupa uhuru wa kupiga vile anataka.

Mwenda wa Bayeke

Mwaka wa 1969 alialikwa Marekani, ku Newport, muji wa Rhode Island, mu festivali kubwa ya muziki wa asili ya watu. Hapo kulikuwa watu waliokuja kusikiliza gitaa zisizo na umeme kwa makusudi. Ni miaka ine tu ilikuwa imepita tangu Bob Dylan alipopanda palepale na gitaa ya umeme, 1965, na wasikilizaji wengine wakakasirika. Kwa hiyo ile vita ya mbao na umeme haikukuwa ya Congo peke yake. Wazungu pia walikuwa wanaipigana.

Kisha kulikuja wakati wa Mobutu wa kurudilia majina ya asili. Inchi iliitwa Zaïre, Katanga iliitwa Shaba, na mwaka wa 1972 watu waliambiwa waache majina ya ubatizo. Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Tofauti na wengine waliotafuta jina la kubandika, yeye alirudi tu kule alitoka: jina la wafalme wa Bunkeya na jina la watu wake.

Mwaka wa 1979, Muingereza John Low, mupiga gitaa, alikuja mpaka Shaba kwa kusudi moja: kutafuta wazee wa gitaa na kujifunza kwao. Alikaa na Mwenda, na alikutana na Masengo na Losta Abelo pia. Kisha aliandika kitabu juu ya safari yake. Fikiri ile hali: mutu anatoka Ulaya na ndege, anafika Lubumbashi, anaketi mbele ya muzee na gitaa ya mbao, wakati mu baa za palepale orkestra zinapiga na ampli kubwa.

Mwaka wa 1988, ku Cape Town, Mwenda aliingia mu studio na kurekodi tena. Alikuwa na miaka karibu 58. Vyombo vya studio vya miaka hiyo vilikuwa vimepita mbali sana vile vya motokari ya Tracey. Lakini kile kiliwekwa mbele ya mikro kilikuwa kilekile: gitaa, vidole na sauti yake. Nyimbo zile zilitolewa ku Marekani, na mutu akizisikiliza pamoja na zile za 1952, anaweza kupima mwenyewe: vyombo viligeuka, sauti ikawa safi zaidi, lakini mukono ni uleule.

Miaka miwili kisha, mu Septemba 1990, Mwenda alikufa mu aksida ya motokari ku Zambia. Alikuwa na miaka 60. Masengo na wengine wa kizazi chao pia wameondoka. Zile alizorekodi Tracey zimehifadhiwa ku Afrika ya Kusini, ku Grahamstown, ambayo leo inaitwa Makhanda, mu maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey alianzisha mwaka wa 1954. Nyingi zimetolewa tena ku CD, na leo mutu wa Likasi mwenye simu anaweza kuzipata.

Kile ampli inaweza, na kile haiwezi

Kwa hiyo turudi ku saloni ya Likasi na ampli mupya.

Anayetaka kupanda kutoka ampli ndogo mpaka kubwa anapashwa kujua hesabu moja. Wati zikiongezeka mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, na sikio linasikia tofauti ndogo. Ili sikio liseme kama sauti imekuwa mara mbili, wati zinapashwa kuongezeka karibu mara kumi. Kutoka 100 mpaka 300 ni desibeli hazifiki 5. Mara nyingi bafle nzuri inasaidia kuliko wati: bafle inayotoa desibeli 90 kwa wati moja inasikika, kwa nusu ya nguvu, sawa na ile inayotoa 87. Na zile elfu za wati zinazoandikwa mbele ya ampli za bei ya chini na herufi PMPO ni za kupamba. Wati za kweli zinaitwa RMS, na ni kidogo zaidi.

Kuko jambo lingine. Ampli ndogo inayosukumwa mpaka mwisho inakata vichwa vya sauti, na ile sauti iliyokatwa njo inaunguza bafle. Kwa ile sababu, ampli yenye nguvu ya kutosha iliyofunguliwa nusu ni muzuri kuliko ndogo inayolia. Hapo wenye kutafuta wati wako na haki. Na mahali umeme unapanda na kushuka kama kwetu, chombo cha kusawazisha umeme kinapashwa kununuliwa siku moja na ampli, si kisha kuungua.

Lakini mutu akitaka kujua kama amenunua kitu kizuri, achukue Masanga ya 1952. Aweke besi ku sifuri, kwa sababu disiki za wakati ule hazikuhifadhi besi nene. Akiipandisha, atasikia tu mungurumo wa disiki. Asiogope kuona bafle zote mbili zinatoa kitu kimoja, kwa sababu mikro ilikuwa moja. Kisha ashushe sauti mpaka watu mu nyumba waweze kuongea bila kupandisha sauti.

Ampli mbaya itamupa kelele moja iliyochanganyika. Ampli nzuri itamutenganishia mambo mawili: gumba linatembea chini, pole na bila kusimama, kidole cha pili kinaruka juu yake. Akisikia vyote viwili wazi, feza yake haikupotea. Na watoto mu nyumba wakiuliza ni watu wangapi wanapiga, awaambie kama ni mutu mumoja, muzaliwa wa Bunkeya, ambaye Tracey alimukuta hapa Likasi.